Reli Ndogo Inayopita Mlangoni

Kabla hujanunua chochote, pima mlango wa chumba chako. Kisha pima buti la gari utakaloazima, au kiti cha nyuma cha bajaji. Hivyo ndivyo vipimo vya kwanza vya reli yako.

Ukijenga ubao mkubwa usiotoka chumbani, watakaouona ni watu wa nyumbani tu, nao watauchoka mapema. Ukijenga mdogo unaobebeka, utaupeleka shuleni, maktaba, kwenye sikukuu ya mtaa. Raha ya treni ndogo ni kuiendesha huku mtu mwingine ameinamia pembeni na maswali kumi mdomoni.

Kwa hiyo nakupa mpango mmoja kamili: vipande viwili vya ubao, kila kimoja mita moja kwa sentimita 30. Kichwa kimoja cha treni. Mabehewa manane. Ukimaliza huo, jenga mkubwa upendavyo.

Chagua reli, skeli itafuata

Wengi hununua treni kwanza, halafu ndipo wanatafuta pa kuiweka. Wewe anza na swali: ni reli gani unayoipenda? SGR? TAZARA? Ile ya zamani inayopita Morogoro na Tabora hadi Kigoma, au ya Mombasa hadi Kisumu?

Nakuuliza kwa sababu hii. Reli ndogo inayopatikana kwa urahisi kuliko zote ni ya HO, yenye milimita 16.5 kati ya chuma na chuma. Na hiyo moja inakufaa kwa treni zetu zote, ukibadili skeli tu, yaani mara ngapi umekipunguza kitu halisi.

SGR ina upana wa milimita 1,435. Gawanya kwa 87 unapata 16.5. Basi SGR ijenge kwa 1:87. TAZARA ni milimita 1,067, nayo kwa 1:64 inakaa vizuri. Reli ya Kati na ile ya zamani ya Kenya na Uganda ni za mita moja, hizo jenga kwa 1:60. Tofauti inayobaki ni sehemu ndogo ya milimita, jicho haliishiki.

Kila chaguo lina bei yake. Kwa 1:87 utapata watu, magari na miti ya dukani, maana ndiyo skeli ya HO yenyewe. Kwa 1:64 una bahati nyingine: vigari vya watoto kama Hot Wheels vingi vinakaribia skeli hiyo, kwa hiyo foleni ya lori na daladala kwenye kivuko cha TAZARA utaijaza kwa siku moja. Kwa 1:60 utajitengenezea karibu kila kitu. Mimi ndiyo ninayoipenda, ila usije ukasema sikukwambia.

Angalia na suala la nyaya. SGR ya Tanzania inatumia umeme, hivyo ukiiacha bila nguzo na nyaya juu ya reli, mtoto wa darasa la tatu atakuuliza treni inapataje umeme. Ya Kenya inatumia dizeli, haina nyaya. Kama mkono wako bado haujazoea kulehemu vitu vyembamba, anza na ya Kenya au na reli ya zamani. Mchongoko, ile treni ya umeme ya SGR ya Tanzania, utakusubiri.

Na tafadhali, usianze na Garratt, ile injini kubwa ya mvuke. Najua. Kila anayeingia Nairobi Railway Museum na kusimama mbele ya injini namba 5918, Mount Gelai, anatoka akitaka kuijenga. Zile injini za daraja la 59, zilizotengenezwa na Beyer, Peacock kule Manchester katikati ya miaka ya 1950, zina urefu wa zaidi ya mita 31. Kwa 1:60 hiyo ni zaidi ya nusu mita ya chuma, fito na magurudumu yanayotakiwa yote yazunguke kwa pamoja. Piga picha, pima unachoruhusiwa kupima, hifadhi kwenye faili. Mwaka wake utafika.

Nunua kinachozunguka, tengeneza kilichobaki

Magurudumu, mota na viunganishi vya mabehewa, nunua. Gurudumu lililotengenezwa kwa mkono likipinda kidogo tu, behewa litatoka relini kila mara, na wewe utalaumu reli. Vingine vyote ni kazi ya mikono yako.

Njia nafuu ya kupata kichwa cha treni ni kutafuta cha HO kilichotumika, chasi nzima, bodi imevunjika. Hicho wenzako hawakitaki. Vua bodi ya zamani, jenga yako juu yake. Kabla hujalipa, gusisha waya mbili kutoka betri ya volti 9 kwenye magurudumu ya kushoto na ya kulia. Kikizunguka bila kukwaruza, chukua. Kikinguruma bila kusogea, rudisha.

Kazi ya kwanza ya mkono iwe kontena. Ni boksi tu, linasamehe makosa, na kila mtu akiliona analijua. Kwa 1:87, kontena la futi 20 ni milimita 70 kwa urefu, 28 kwa upana na 30 kwa kimo. La futi 40 ni hilo hilo, ila urefu ni 140. Chora kwenye manila, kata kwa wembe mpya na rula ya chuma, kunja, gundisha.

Yale mabonde ya ubavuni usiyachore. Tafuta kasha dogo la balbu lenye karatasi ya mikunjo ndani. Lilowanishe kidogo upande mmoja, ubandue ngozi ya juu, na mikunjo itabaki wazi. Subiri ikauke, kata, bandika. Ukishapulizia rangi, hakuna atakayeamini lilikuwa kasha la balbu.

Kama unakaa Mombasa, Tanga, Unguja au popote penye unyevu wa pwani, ziba karatasi yako ndani na nje kwa gundi nyeupe ya mbao iliyotiwa maji, kabla ya rangi. Usipofanya hivyo, masika itakukunjia kontena zote.

Behewa la kubebea kontena lijenge kwa plaiwudi nyembamba. Hapa wengi wanasahau uzito. Behewa jepesi linaruka kwenye kila kiungo cha reli. Chama cha Marekani cha wajenzi wa treni ndogo, NMRA, kina pendekezo lake kwa HO: anza na gramu 28, kisha ongeza gramu 14 kwa kila sentimita 2.5 ya urefu. Behewa la sentimita 15 linafika gramu 112 hivi. Bandika washa za chuma chini ya sakafu, katikati na chini kadiri iwezekanavyo. Pima kwa mizani ya jikoni. Mabehewa yote manane yawe na uzito unaolingana, yatafuatana bila ugomvi.

Viunganishi vyote viwe kwenye kimo kimoja. Kata kikadi kigumu chenye alama ya kimo hicho, kisimamishe relini, pitisha kila behewa mbele yake. Lisilolingana lirudi mezani.

Huna michoro ya behewa unalolitaka? Tafuta picha ya ubavuni ambayo ndani yake kuna kontena la futi 20. Kontena hilo lina mita 6.06 popote ulipo duniani. Pima urefu wake kwenye picha, na hapo umeshapata rula ya kupimia kila kitu kingine kilicho kwenye mstari huo. Na ukienda stesheni na kamera, omba ruhusa kwanza. Bora dakika mbili za maneno kuliko saa nzima ya maelezo mbele ya mlinzi.

Mpe mgeni kazi ya kufanya

Treni inayozunguka duara inapendeza kwa dakika tatu. Baada ya hapo mgeni anaangalia simu. Isitoshe, duara linahitaji nafasi kubwa: behewa refu la abiria la mita 25, kwa 1:87, ni karibu sentimita 29, na kona ili isiwe ya kuchekesha inatakiwa nusu kipenyo chake kifike mara tatu ya urefu huo. Hiyo ni karibu sentimita 87. Mlango wako haukubali.

Jenga yadi badala yake. Kuna mpango maarufu uitwao Inglenook, aliobuni Mwingereza Alan Wright, na kwa maoni yangu hakuna mpango mdogo unaoufikia. Una njia tatu za kuegesha. Ndefu inabeba mabehewa matano. Mbili fupi zinabeba matatu kila moja. Zote zinakutana, kupitia pointi mbili tu (pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili), kwenye kipande kimoja cha reli kinachotosha kichwa cha treni na mabehewa matatu. Kitoshe hayo matatu, lakini la nne lisiingie. Ubane huo ndio mchezo wenyewe.

Unachezwa hivi. Weka mabehewa matano kwenye njia ndefu na matatu kwenye fupi mojawapo. Andika namba 1 hadi 8 kwenye vizibo vya soda, na namba hizo hizo kwenye mabehewa. Mgeni afumbe macho, achomoe vizibo vitano mfukoni. Sasa kazi yake ni kupanga mabehewa hayo matano kwenye njia ndefu, kwa mpangilio ule ule aliochomoa. Asiguse behewa kwa mkono.

Mipangilio inayowezekana ni 6,720, kwa hiyo huna haja ya kuogopa kwamba mchezo utajirudia. Wengine watamaliza haraka. Wengine watakwama, watacheka, wataita mwenzao. Utaona mzee aliyekuja kumsindikiza mjukuu ndiye anayekataa kuondoka. Muache amalize.

Kwa mabehewa ya sentimita 15 na kichwa kifupi cha yadi cha sentimita 20, mpango wote unaingia kwenye mita zako mbili. Panga mapema ili kiungo cha mbao mbili kisiangukie kwenye pointi. Kiangukie kwenye reli iliyonyooka.

Kutenganisha mabehewa, tumia kijiti cha mishikaki kilichochongwa ncha bapa. Ukiwa na viunganishi vya aina ya Kadee, unakiingiza katikati, unazungusha kidogo, vinaachana. Watoto hufundishika hapo hapo.

Reli na umeme

Kabla ya gundi yoyote, tandaza reli zote na usukume behewa kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Pale kidole kinapohisi mruko, treni nayo itahisi. Rekebisha sasa.

Acha upenyo mdogo kwenye viungo, hasa kama ubao utakaa karibu na bati. Joto linarefusha chuma, na reli isiyo na pa kwenda hujipinda. Lehemu waya chini ya kila kipande cha reli. Usitegemee viungo kupitisha umeme, vinashika kutu na vumbi.

Umeme wa reli ni volti 12 za DC, wa kutosha na salama. Adapta nzuri, kidhibiti mwendo cha mota ndogo kutoka duka la vifaa vya elektroniki, na swichi ya kugeuza mbele na nyuma. Fundi redio wa mtaani atakuunganishia kama hujui. Waya wa ukutani usikaribie reli hata kidogo.

Umeme ukikatika siku ya maonyesho, betri ya pikipiki itakuokoa. Lakini betri hiyo ikipata shoti inaweza kuyeyusha waya, kwa hiyo fyuzi ya ampia moja iwe karibu kabisa na betri. Hili halina mjadala.

Treni ikisuasua, tatizo ni uchafu kwa kawaida. Kitambaa safi na spiriti kidogo juu ya reli, kisha magurudumu. Basi.

Shamba lako lipo jikoni

Kokoto za reli tengeneza kwa mchanga uliochekechwa kwa chujio la chai. Usichukue wa baharini bila kuuosha, chumvi italeta kutu. Kisha pitisha sumaku juu yake mara kadhaa. Chembe nyeusi zitakazonasa zingeingia kwenye mota, na mota haizipendi.

Mwaga kati ya mataruma, sambaza kwa brashi kavu, nyunyiza maji yenye tone la sabuni ya vyombo, halafu dondoshea gundi nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji. Iache hadi kesho. Usiguse.

Nyasi kavu za Voi au Dodoma hazihitaji duka. Nyuzi za katani zilizokatwa milimita tano ndizo nyasi zenyewe. Majani ya chai yaliyotumika na kukaushwa vizuri ni udongo wa msituni. Vumbi la mbao lililotiwa rangi ni kichaka. Udongo mwekundu wa kwenu, ukichekechwa, hakuna rangi ya kopo inayoushinda.

Weka kitu kimoja kinachotaja mahali. Bango la jina la stesheni, mama muuza mahindi, boda wawili wanaosubiri abiria. Kimoja au viwili, vikamilike. Ukijaza kila kona, macho hayajui pa kutua.

Picha, video na siku ya kuonyesha

Simu yako ishushe hadi kwenye reli. Mtu wa 1:87 ana kimo cha milimita 20, na picha iliyopigwa kwa kimo chake inageuza ubao kuwa nchi. Picha ya kutoka juu inaonyesha meza. Piga kwenye mwanga wa asubuhi, karibu na dirisha, na nyuma weka manila ya bluu isiyo na mikunjo. Pangusa vumbi kwanza, kamera inaliona kuliko wewe.

Piga na picha moja yenye sarafu au kiberiti kando ya behewa, ili anayetazama ajue ukubwa. Na unapomwonyesha mwenzako, mpe na vipimo: urefu, skeli, karatasi ya aina gani, gundi gani. Picha tupu inapata sifa tu. Vipimo vinapata mtu wa pili anayejenga.

Kwenye video, punguza mwendo. Treni ya yadi inayokwenda kilomita 10 kwa saa, kwa 1:87, inachukua nusu dakika kupita mita moja. Hata ya kilomita 60 kwa saa inahitaji sekunde tano kwa mita. Karibu kila video ya mwanzo inakimbia mno.

Usianzie maonyesho makubwa kama Sabasaba. Anzia shule ya jirani, Jumamosi asubuhi, na mwalimu anayekufahamu. Weka meza kwenye kimo cha kifua cha mtu mzima, na benchi imara mbele kwa ajili ya watoto. Ukikosa benchi, shusha meza hadi sentimita 90, watu wazima watainama wenyewe.

Muwe wawili. Mmoja anaendesha, mwingine anaongea. Ukifanya yote mawili, treni itasimama kila ukiulizwa swali, na treni iliyosimama inafukuza watu.

Watoto watataka kushika, na wana haki. Wape behewa moja la akiba lililojengwa imara, lizunguke mikononi mwao. Yaliyo relini yatabaki salama.

Kwenye kikapu chako weka fyuzi za akiba, supa gluu, spiriti, kitambaa, bisibisi ndogo, waya na kichwa cha pili cha treni kama unacho. Ambacho hakijakamilika kiweke wazi pia, na penseli juu yake. Watu huuliza zaidi kuhusu behewa lisilo na rangi kuliko lililomalizika.

Ukipata wenzako wawili wanaotaka kujenga, kubalianeni mambo manne tu: kimo cha reli kutoka sakafuni, reli ikae sentimita ngapi kutoka ukingo wa mbele, plagi ya waya ya aina gani, na kiunganishi gani cha mabehewa. Kiwango cha Free-mo cha Marekani, kwa mfano, kinaweka reli inchi 50 kutoka sakafuni, yaani sentimita 127, na watu wasiofahamiana wanaunganisha mbao zao siku hiyo hiyo. Mengine yote kila mtu aachiwe, hata kama mmoja anajenga stesheni ya Mazeras na mwingine ya Makambako. Andikeni manne hayo kwenye karatasi moja, kila mtu aondoke na nakala, kisha mpange tarehe ya kukutana na mbao zenu kabla hamjaachana.